Bradman, Tendulkar au Kohli? Namna ya kulinganisha wanakriketi wa enzi tofauti

Swali hili halikosekani Lugogo, uwanja wetu wa kriketi Kampala. Mechi ya ligi ikipoa kidogo, mrusha kasi akirudi taratibu kwenye alama yake, lazima kijana mmoja aulize: "Kati ya Kohli na Tendulkar, nani mkali?" Kabla hajajibiwa, mzee wa benchi la nyuma anadakia kwamba hao wote watoto, mkali ni Sobers. Basi kelele mpaka chai. Wanafunzi wa sekondari wanaoanza mchezo huu wananiuliza vivyo hivyo kila muhula, kwa hiyo nimeona heri niandike mara moja, kisha kila atakayeuliza nimpe karatasi hii.

Mabishano hayo hayaishi kwa sababu mtu anashika jibu kwanza, halafu ndiyo anatafuta takwimu za kulitetea. Mwongozo huu hautakupa jina la bingwa wa mabingwa. Utakupa njia ya kufikia jibu unaloweza kulisimamia mbele ya mtu anayeijua kriketi kuliko wewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la mistari na kalamu. Ukifanyia hesabu kichwani utajidanganya.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Bando kidogo. Takwimu za mechi za Testi (mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa) tangu ile ya kwanza ya mwaka 1877 zinapatikana bure ESPNcricinfo, na sehemu yao iitwayo Statsguru inakuruhusu kuchuja kwa mwaka, kwa mpinzani na kwa nchi.
- Hesabu tatu. Wastani wa mpigaji ni mikimbio yake (pointi alizofunga) gawanya kwa mara alizotolewa (si kwa iningi, yaani zamu za kupiga, alizocheza, hapa wanaoanza wengi huanguka). Wastani wa mrushaji ni mikimbio aliyofungwa gawanya kwa wiketi alizochukua (wapigaji aliowatoa), na kwake namba ndogo ndiyo nzuri. Kasi ya mpigaji ni mikimbio anayofunga kwa kila mipira 100.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nani mkali" si swali. Haya ndiyo maswali: Nani aliwazidi wenzake wa wakati wake kwa mbali zaidi kwenye Testi? Nani alidumu juu kwa miaka mingi zaidi? Nani ungependa aingie uwanjani ukifukuza mikimbio 280 ndani ya ova 50 (ova moja ni mipira sita)? Kila moja linaweza kuwa na mtu wake, na mara nyingi wanaobishana kila mmoja anajibu lake.

Chagua pia aina ya mechi, na usichanganye. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilichezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971. Don Bradman wa Australia alikuwa amestaafu Testi tangu 1948. Kwa hiyo mtu anayekuletea senchuri 100 (iningi za mikimbio 100 au zaidi) za Sachin Tendulkar wa India kuzipambanisha na 29 za Bradman mrudishe kwenye hesabu: 51 ni za Testi, 49 ni za siku moja. Zinazoingia kwenye mizani ni 51 tu.

Hatua ya 2: Chota namba ghafi, halafu zikague mwenyewe

Andika hivi kwenye daftari:

- Bradman (1928–1948): Testi 52, iningi 80, hajatolewa mara 10, mikimbio 6,996, senchuri 29, wastani 99.94.
- Tendulkar (1989–2013): Testi 200, iningi 329, hajatolewa mara 33, mikimbio 15,921, senchuri 51, wastani 53.78.

Sasa rudia hesabu kwa mkono wako. Bradman alitolewa mara 70. 6,996 gawanya kwa 70 ni 99.94. Angefunga mikimbio 4 tu zaidi, wastani wake ungekuwa 100 kamili. Ndiyo maana iningi yake ya mwisho, pale The Oval mwaka 1948, inasimuliwa hadi leo: Eric Hollies alimtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Tendulkar alitolewa mara 296, na kikokotoo kitakuonyesha 53.787. Usishtuke. Baadhi ya tovuti hukata tarakimu za mwisho badala ya kukadiria juu.

Onyo: usilinganishe jumla. Mikimbio 15,921 dhidi ya 6,996 inaonekana kama mchezo umekwisha, lakini Bradman alicheza Testi 52 tu katika miaka 20. Vita vya pili vya dunia vilimla miaka yake mizuri, timu zilisafiri kwa meli, na Testi zilikuwa chache. Badala ya jumla, gawanya. Bradman alipata senchuri moja kwa kila iningi 2.76. Tendulkar moja kwa kila 6.45.

Hatua ya 3: Angalia kama mechi zinatosha

Andy Ganteaume wa West Indies ana wastani wa Testi wa 112, juu ya Bradman. Alicheza Testi moja mwaka 1948, akaingia mara moja, akafunga 112, hakuitwa tena. Ukitumia wastani peke yake, huyo ni mpigaji bora kuliko Bradman.

Huyo kila mtu anamcheka. Wanaodanganya ni wale wa katikati. Adam Voges wa Australia alimaliza na 61.87, lakini kwa iningi 31. Barry Richards wa Afrika Kusini ana 72.57 kwa iningi 7, na kwake hatia si yake: nchi yake ilifungiwa kwa ajili ya ubaguzi wa rangi kuanzia 1970, na alipofunguliwa mlango alikuwa mzee wa mchezo.

Mimi naweka mpaka kwenye iningi 40. Si sheria ya ICC (shirikisho la kriketi la dunia), ni yangu, na unaweza kuipandisha. Usiishushe. Kwa 40, George Headley wa West Indies anapita (iningi 40, wastani 60.83) na Graeme Pollock wa Afrika Kusini anapita (iningi 41, wastani 60.97). Wasiofika mpaka huo waandike pembeni. Kuwazungumzia ruhusa, ila kwenye jedwali hawaingii.

Hatua ya 4: Mtafutie kila mchezaji majirani zake

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Babu akikuambia alinunua ng'ombe kwa shilingi mia kadhaa, humwambii kwamba ng'ombe walikuwa wa bure. Unamuuliza mia kadhaa za wakati ule zilinunua nini kingine. Sisi Uganda tunalijua hili vizuri kuliko wengi, maana mwaka 1987 shilingi moja mpya ilichukua nafasi ya mia za zamani. Wastani wa kriketi nao una thamani ya mwaka wake. Usiubebe kutoka 1930 hadi 2010 bila kuubadilisha.

Namna ya kuubadilisha ni hii. Chagua majirani watano: watu waliocheza nafasi ile ile, walioshiriki naye miaka mingi, na wasitoke timu moja. Wachague kabla hujaangalia wastani wao. Ukiangalia kwanza, mkono utachagua wanaompendeza moyo.

Majirani wa Bradman: Wally Hammond 58.45, Herbert Sutcliffe 60.73, Len Hutton 56.67, George Headley 60.83, Stan McCabe 48.21. Jumla ni 284.89, gawanya kwa 5 unapata 56.98.

Majirani wa Tendulkar: Brian Lara 52.88, Ricky Ponting 51.85, Jacques Kallis 55.37, Rahul Dravid 52.31, Kumar Sangakkara 57.40. Jumla ni 269.81, gawanya kwa 5 unapata 53.96.

Kisha gawanya wastani wa mchezaji wako kwa wastani wa majirani:

- Bradman: 99.94 ÷ 56.98 = 1.75
- Tendulkar: 53.78 ÷ 53.96 = karibu 1.00

Maana yake, Bradman aliwazidi kwa asilimia 75 watu ambao wenyewe walikuwa magwiji wa enzi yao. Tendulkar yuko sawa na magwiji wa enzi yake. Mashabiki wa India hunikasirikia hapa, lakini subirini. Wastani si kipimo kinachomfaa Tendulkar. Kipimo chake ni kudumu: alianza Testi akiwa na miaka 16, akaacha akiwa na 40, Testi 200, na hakuna jirani yake hata mmoja aliyefika huko. Ukiwa umeandika swali la kudumu kwenye hatua ya 1, yeye ndiye jibu. Ukiwa umeandika swali la kuzidi wenzake, siye.

Kuna namba moja inayonifurahisha kila nikiifikia. Msimu wa 1932–33 Uingereza ilikwenda Australia na mpango wa kumrushia Bradman mipira ya kasi ya mwilini, huku wadakaji wamejazwa upande wa miguu yake. Mpango ulikuwa mchafu, ukaleta ugomvi hadi kwenye serikali. Na ulifanya kazi: Bradman alimaliza mfululizo ule na mikimbio 396, wastani 56.57. Rudi juu uone wastani wa majirani zake watano. Yaani ilibidi Uingereza ivunje adabu ya mchezo ili kumshusha afanane na Hammond na Hutton.

Onyo: majirani wa pande zote mbili wawe wa daraja moja. Ukimpa mmoja magwiji na mwingine ukampa wapigaji wa kawaida, hesabu nzima ni bure.

Hatua ya 5: Andika mazingira, safu mbili

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kilichomsaidia mchezaji, kulia kilichomuumiza. Safu moja ikibaki tupu, ujue unashabikia, rudia.

Kwa Bradman, kulia andika: pichi (ukanda wa katikati mpira unapodunda) zilizoachwa zikanyeshewa mvua, hivyo siku ya pili mpira unaruka unavyotaka, hakuna helmeti, ambazo kwenye Testi zilianza kuonekana mwaka 1978. Kushoto andika: alicheza Testi katika nchi mbili tu, Australia na Uingereza, kwa hiyo hakuwahi kuonja spini (mipira ya kuzungushwa) ya pichi kavu za Asia. Na Testi zilizochezwa Australia kabla ya vita hazikuwa na kikomo cha siku, mpigaji aliweza kujenga iningi bila kuangalia saa. (Mwaka 1939 pale Durban, mechi moja ya namna hiyo iliendelea siku 10, ikaachwa bila mshindi kwa sababu Waingereza walikuwa wanaachwa na meli.)

Kwa wachezaji wa leo, angalia magongo manene, kamba za mipaka zilizosogezwa ndani, na mapitio ya video ambayo yanamwokoa mpigaji aliyeonewa na mwamuzi, lakini pia yanamnasa yule ambaye zamani angesamehewa kwa kuweka mguu mbele.

Mazingira yanaweza kugeuza namba moja kutoka mbaya kuwa bora, na mfano tunao nyumbani. Kombe la Dunia la T20 (mechi za ova 20 kwa kila timu) la 2024, Uganda dhidi ya Papua New Guinea, uwanja wa Providence kule Guyana. Riazat Ali Shah alifunga mikimbio 33 kwa mipira 56. Kasi yake ni 59. Mpe mtu namba hiyo bila maelezo atakuambia kwenye T20 huyo ni wa kutolewa timu. Sasa ongeza mazingira: pichi ilikuwa nzito, wapinzani walikuwa wametolewa wote kwa 77, na Uganda ilihitaji mtu wa kubaki. Tulifika 78 kwa wiketi 7, ushindi wetu wa kwanza wa Kombe la Dunia, na yeye peke yake alifunga zaidi ya asilimia 40 ya mikimbio hiyo. Ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi.

Hatua ya 6: Chuja wapinzani

Namba zinanona kwa wapinzani dhaifu. Mfano wa kukumbuka ni wa dada zetu: Kigali, Juni 2019, timu ya wanawake ya Uganda ilifunga 314 kwa wiketi 2 dhidi ya Mali, Prosscovia Alako 116 na Rita Musamali 103 bila kutolewa. Mali wakatolewa wote kwa 10. Senchuri zile ni halali na zitabaki kwenye vitabu, lakini ukimlinganisha Alako na mpigaji wa Australia, mechi ile iweke kando.

Kwa wakubwa, zoezi zuri ni warushaji wa spini Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka na Shane Warne wa Australia. Namba ghafi: Murali wiketi 800 kwa Testi 133, Warne 708 kwa Testi 145. Kwa mechi, Murali 6.02, Warne 4.88. Sasa toa Zimbabwe na Bangladesh, ambazo enzi hizo zilikuwa dhaifu. Murali anapoteza wiketi 176 za Testi 25. Warne anapoteza 17 za Testi 3. Kinachobaki:

- Murali: 624 kwa Testi 108, yaani 5.78 kwa mechi
- Warne: 691 kwa Testi 142, yaani 4.87 kwa mechi

Pengo limepungua, Murali bado yuko mbele. Lakini usifunge daftari. Warne alirusha upande mmoja huku Glenn McGrath, mwenye wiketi 563 za kwake, akirusha upande wa pili. Wiketi ni 10 kwa iningi, na wawili hao waligombania sahani moja. Murali kwa miaka mingi alibeba mzigo wa Sri Lanka karibu peke yake: kazi zaidi, na nafasi zaidi ya kuchuma. Hili halichujiki kwa Statsguru. Liandike kwa maneno chini ya jedwali.

Onyo: chuja wote kwa chujio lile lile. Kumtolea Murali Bangladesh huku ukimwachia mwenzake ni wizi.

Hatua ya 7: Kwa mechi za siku moja, pima kasi pamoja na wastani

Hatua hii ni fupi, njia ni ile ile ya majirani. Viv Richards alimaliza mechi zake 187 za siku moja na wastani 47.00 na kasi 90.20. Virat Kohli kasi yake ni kama 93. Kijana akiona hivyo anasema Kohli ni mwepesi zaidi. Weka majirani. Wa Richards: Gordon Greenidge 64.92, Desmond Haynes 63.09, Javed Miandad 67.01, Dean Jones 72.56, Sunil Gavaskar 62.26, wastani wao 65.97. Richards aliwazidi kwa asilimia 37, kichwani ana kofia ya kitambaa tu. Wa Kohli: AB de Villiers 101.09, David Warner 97.26, Hashim Amla 88.39. Kohli yuko katikati yao. Ukuu wake katika ova 50 uko kwenye wastani, ambao unapita wa wote watatu, na kwenye kufukuza. Kwa kasi, Richards alikuwa anacheza mchezo ambao wenzake walikuwa hawajaufikiria.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Kombe la Dunia la kwanza, 1975, lililokuwa la ova 60. Gavaskar alibaki ova zote 60 dhidi ya Uingereza akafunga 36 kwa mipira 174. Kombe hilo ndilo walilocheza Waganda John Nagenda na Sam Walusimbi wakiwa na timu ya Afrika Mashariki. Ukiwahukumu kwa kipimo cha T20 ya leo utawaonea.

Hatua ya 8: Tenga ujuzi na rekodi

Mpaka hapa tumepima matokeo. Ujuzi ni ukurasa mwingine, na hupimwa kwa macho. Tafuta video ya iningi ndefu, si vipande vya mapigo ya mikimbio sita na nne peke yake, kwa sababu katika vipande hivyo kila mtu ni Lara. Angalia vitu vichache: miguu inakwenda wapi kabla ya mpira kudunda, anaacha mipira gani bila kuigusa, anafanya nini akibanwa ova tatu bila mkimbio, anacheza spini kwa mkono laini au anasukuma. Kwa mrushaji, angalia kama mpira ule ule anaweza kuupeleka pande zote mbili bila kubadilisha mkono. Filamu za kabla ya vita mara nyingi huonyeshwa kwa kasi isiyo yake, watu wanatembea kama wanakimbizwa, kwa hiyo usizitumie kukadiria kasi ya mrushaji.

Hapa ndipo mzee wa benchi la nyuma anapopata haki yake. Garfield Sobers wa West Indies: Testi 93, wastani wa kupiga 57.78, wiketi 235 kwa wastani wa 34.03. Kallis: Testi 166, wastani 55.37, wiketi 292 kwa 32.65. Toa wastani wa kurusha kutoka wa kupiga: Sobers 23.75, Kallis 22.72. Kwa namba hizo ni ndugu pacha, na Kallis amecheza karibu mara mbili. Lakini Sobers alirusha kasi ya wastani, spini ya vidole na spini ya kifundo cha mkono, zote kwa mkono wa kushoto, na akadaka karibu na mpigaji. Kwa rekodi siwezi kuwatenganisha. Kwa ujuzi nampa Sobers, na sioni aibu.

Onyo: swali la "angecheza leo ingekuwaje" lina mtego. Ukimleta Bradman 2025, mpe pia kocha, mazoezi ya mwili, helmeti na gongo la 2025. Ukimpeleka Kohli 1930, mnyang'anye vyote hivyo. Kumhamisha mmoja na vyombo vyake na mwingine mikono mitupu ni uonevu.

Hatua ya 9: Andika hukumu kwa sharti

Sentensi mbili zinatosha, na iwe na neno "kwa". Mfano: "Kwa kuwazidi wenzake kwenye Testi, Bradman, na hakuna anayemkaribia. Kwa kudumu, Tendulkar." Usitunge alama moja ya jumla inayochanganya wastani, senchuri, vikombe na video. Nimeona watu wakigawa alama 40 hapa na 25 pale. Ukiwauliza kwa nini 40 na si 30, hawana jibu.

Ukikwama

*Namba zangu hazifanani na za mwenzangu.* Angalia tarehe mliyochukua, kisha angalia kama mmehesabu Testi ya 2005 kati ya Australia na timu ya dunia. ICC inaihesabu, baadhi ya watunza takwimu wanaikataa. Bila hiyo Murali ana 795.

*Mchezaji wangu bado anacheza.* Andika tarehe juu ya ukurasa na usiibadilishe. Julai 2025 Joe Root alipita mikimbio 13,378 ya Ponting. Karatasi ya Juni na ya Agosti haziwezi kusema kitu kimoja.

*Mchezaji ni wa zamani mno, majirani sijui hata majina.* Tumia upande wa pili wa uwanja. Sydney Barnes alichukua wiketi 189 kwa 16.43 kati ya 1901 na 1914. Namba hiyo inatisha mpaka uone kwamba Victor Trumper, aliyehesabiwa miongoni mwa wapigaji bora wa enzi ile, alimaliza na 39.04. Pichi ziliwapendelea warushaji. Mpunguzie Barnes kidogo, bado atabaki mkubwa.

*Nataka kulinganisha Waganda.* Hapa kazi ni ngumu zaidi, na inanipendeza zaidi. ICC ilizipa timu zote wanachama hadhi ya T20 ya kimataifa kuanzia 1 Januari 2019 kwa wanaume. Kwa hiyo Alpesh Ramjani, aliyeteuliwa kugombea tuzo ya ICC ya mchezaji bora wa T20 wa 2023, ana rekodi rasmi nene, na waliomtangulia wana karatasi chache. Usiseme waliotangulia hawakuwa na kitu. Tafuta mchezaji daraja: mtu aliyecheza na vizazi vyote viwili. Frank Nsubuga amevaa jezi ya taifa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2024, akiwa na miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. Linganisha wa zamani naye alipokuwa kijana, wa sasa naye alipokuwa mtu mzima, kisha soma pengo.

Rekodi nyingine ziko kwenye vitabu vya waandika matokeo vya klabu na shule. Vikikupitia mkononi, piga picha kila ukurasa mchwa hawajafika. Kwenye safu ya mrushaji kila ova ina kisanduku chake: nukta ni mpira usiofungwa, w ni wiketi, na nukta sita zilizounganishwa kuwa herufi M ni ova isiyotoa mkimbio. Mwandishi akisahau kujumlisha, hesabu mwenyewe kutoka kwenye nukta. Ukurasa mmoja ukikosekana, andika "ukurasa haupo" kwenye jedwali lako na uendelee na unaoufuata. Usijaze kwa kukisia, hata kama mchezaji mwenyewe yuko hai na anakuapia alifunga 80.